Barua ya ajira na ibara ambayo ukoo hausomi

Barua ya ajira ya kwanza haisomwi na mtu mmoja. Mama anasoma jina la kampuni, hasa kama huliona kwenye bango la barabarani kila anapokwenda sokoni. Baba anasoma cheo, na asipokielewa anauliza, "Sasa hapo utakuwa bosi au karani?" Mjomba mwenye lori lake moja anaruka moja kwa moja hadi kwenye mshahara. Shangazi, yaani mimi, anatafuta neno bima. Jirani wa jumuiya keshatoa ushuhuda kabla mwenye barua hajaamua lolote. Na mhitimu mwenyewe, aliyekaa mtaani akituma maombi kwa bando za kukopa, anasoma tarehe ya kuripoti na kuanza kuhesabu siku.

Ibara ya tisa haina msomaji.

Hivi karibuni mtoto wa kaka yangu, aliyemaliza shahada ya kilimobiashara pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, alinitumia barua ya namna hiyo kwa WhatsApp, kurasa nne zilizopigwa picha kiubavu. Benki moja ya biashara ilikuwa inamchukua kwenye mpango wake wa kuandaa mameneja: mwaka mmoja wa mafunzo kazini, kituo cha kazi Dar es Salaam "na popote benki itakapoona inafaa". Ajibu ndani ya siku saba. Chini ya picha ya mwisho aliandika: "Shikamoo shangazi. Wote wamefurahi. Mimi sijui."

Hatujazoea kumsikia mhitimu asiye na kazi akisema hajui kama anaitaka kazi. Wengine watasema anadeka. Kaka yangu alisema hivyo hivyo, kwa maneno makali zaidi, na alikuwa na sababu zake: amemsomesha huyu binti kwa mahindi na viazi vya Njombe, magunia kwa magunia, na sasa mlango umefunguka, mtoto anasimama kizingitini. Lakini niliposoma zile kurasa nne mpaka mwisho niliona kwamba kusita kwake kulikuwa na akili kuliko furaha yetu. Alichopewa si kazi kamili wala si shule. Kiko katikati, na sisi tunakipima kwa vipimo vya ajira ya kudumu na yenye pensheni, ile waliyoizoea baba zetu.

Tuanze na mjomba na mshahara, kwa sababu ndipo kelele zote ziliko.

Chukua mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, tarakimu nzuri kwa hesabu na nzuri pia kwa kutajwa kwenye kikao cha familia. Kwanza mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unachukua asilimia 10 ya mfanyakazi, shilingi 100,000. Inabaki 900,000 ya kukatwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo hazikatwi kitu, zinazofuata hadi 520,000 hukatwa asilimia 8, kutoka hapo hadi 760,000 asilimia 20, na juu yake hadi milioni moja asilimia 25. Ukijumlisha unapata kodi ya shilingi 103,000. Halafu inakuja Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu. Kama ulisoma kwa mkopo, na wengi wetu tulikula bumu, yaani fedha za huo mkopo, bila kufikiria kwamba ni deni, mwajiri anatakiwa akukate asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Hiyo ni 150,000. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 ilikuwa asilimia 8. Kinachoingia mkononi ni shilingi 647,000.

Mjomba hakuamini. Aliitaka karatasi niliyopigia hesabu, akapiga upya kwa simu yake, akakuta ni hivyo hivyo. "Basi theluthi nzima imeliwa hata hujanunua chumvi," akasema. Nilimwambia si yote iliyoliwa: ile ya NSSF ni akiba yake, na mwajiri naye anaweka asilimia 10 yake juu. Ile ya Bodi ni deni linalopungua. Lakini kwa binti wa miaka 24 anayetafuta chumba Tabata au Mbezi, fedha ambayo haipo mkononi haipo.

Na hapa kuna jambo linalosahaulika sana. Tunasema biashara inataka mtaji, kazi haitaki. Si kweli, angalau si kwa Dar es Salaam. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, akikuonea huruma mitatu, na dalali anataka ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha mlango. Kwa hiyo mtu analipa miezi saba kabla hajalala usiku wa kwanza, na bado hajanunua godoro, jiko la gesi, wala viatu visivyochubua vya kusimama navyo kutwa. Mshahara wa kwanza utakuja mwisho wa mwezi. Nani anatoa fedha ya kuanzia kazi? Ni yule yule baba wa viazi, au ni mkopo wa simu wenye riba ya kukuamsha usiku. Wahitimu wengi wanaanza kazi wakiwa na deni jipya juu ya lile la Bodi, na ndiyo sababu wengine hufikia kwa ndugu Gongo la Mboto, wakaamka saa kumi alfajiri kuwahi mjini. Sisemi hilo ni baya. Kulala kwa shangazi ni sehemu ya uchumi wa nchi hii, ingawa haiandikwi kwenye bajeti yoyote.

Mwenye dai juu ya mhitimu

Wazee wanaposema "siku zetu kazi zilikuwa zinatutafuta", wanasema kweli nusu. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kwenye jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba wa leo, kikiwa na wanafunzi 14, wote wa sheria. Nchi ilikuwa na uhuru wa kuzaliwa wiki chache baadaye na wasomi wa kuhesabika. Mhitimu hakuomba kazi, alipangiwa. Lakini aliyekupangia alikuwa pia na dai lake, na dai hilo liliwahi kulipuka.

Mwaka 1966 serikali ilitaka wahitimu wote wapite Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi ya mwanzo kambini, kisha miezi 18 wakifanya kazi walizosomea huku wakilipwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi walikataa. Tarehe 22 Oktoba waliandamana hadi Ikulu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao zaidi ya mia tatu, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Azimio la Arusha likafuata Februari 1967, na wengi wao walirudishwa chuoni mwaka huo huo. Simulizi hii kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha wasomi wabinafsi na kiongozi mkali. Mimi naisoma kama ugomvi juu ya swali moja la vitendo: aliyekusomesha anadai kiasi gani cha mshahara wako wa kwanza, na kwa muda gani?

Swali hilo halijafa, limegawanyika tu. Dai la taifa limekuwa la Bodi ya Mikopo, asilimia 15. Dai la ukoo halina asilimia, na kwa hiyo ni kubwa zaidi: ada ya mdogo wako, bati la nyumba ya bibi, mchango wa harusi ya mtoto wa baba mkubwa. Na sasa, tangu mashirika ya umma yalipobinafsishwa miaka ya 1990, kampuni ya bia ikiuzwa 1993, Benki ya Taifa ya Biashara ikigawanywa 1997, ajira ya kupangiwa ikaisha na mwajiri binafsi akaja na dai lake. Linaandikwa karibu na mwisho wa barua. Kwenye barua ya binti yetu lilikuwa ibara ya tisa, na nainukuu kwa kifupi: mwajiriwa akiacha kazi kwa hiari yake kabla ya kutimiza miezi 24 tangu kumaliza mafunzo, atairejeshea benki gharama za mafunzo "kama benki itakavyozikokotoa".

Soma tena maneno matatu ya mwisho. Hayana kiasi, hayana kikomo, hayasemi kama deni linapungua kadiri unavyotumikia. Mtu aliyebakiza mwezi mmoja anaweza kudaiwa sawa na aliyetoroka wiki ya pili. Mwaka mmoja wa mafunzo ukiongeza miaka miwili ya kujifunga, ni miaka mitatu, yaani sawa na urefu wa shahada aliyoisomea. Sipingi mwajiri kulinda fedha yake. Akikulipia mtihani wa bodi ya kitaaluma au akakupeleka Johannesburg miezi mitatu, ana haki ya kuuliza utakaa muda gani. Ninachopinga ni deni lisilo na tarakimu. Hakuna mama wa Kariakoo atakayekukopesha kitenge kwa bei atakayoitaja siku akiamua.

Anayefundisha ni nani?

Nimezungumza na vijana kadhaa waliopita kwenye mipango ya aina hii, katika mabenki, kampuni za simu, viwanda vya vinywaji na ofisi za ukaguzi wa hesabu. Hadithi zao hazifanani hata kidogo, na tofauti haikuwa kwenye mshahara wala kwenye ukubwa wa jina.

Mmoja alikaa miezi minne idara ya mikopo. Kila asubuhi alipewa faili la mteja, tuseme mwenye mashine ya kukoboa mpunga Mbarali, akaambiwa aandike kama akopeshwe au asikopeshwe, na kwa nini. Jioni ofisa mwandamizi alilirudisha faili likiwa na wino mwekundu: hapa umechukua mauzo ya msimu ukayazidisha kwa miezi 12, je, mashine inakoboa nini Machi? Hati ya kiwanja ina jina la marehemu, mirathi imefunguliwa? Kufika mwezi wa nne wino ulikuwa umepungua. Yule kijana leo hafanyi kazi benki, lakini akikaa na mtu mwenye biashara dakika ishirini anajua fedha inavujia wapi.

Mwingine alipewa fulana, tableti na mwamvuli. Kwa sehemu kubwa ya mwaka wake wa "kuandaliwa umeneja" alisimama nje ya kituo cha mabasi ya mwendokasi akifungua akaunti za wapita njia, na malengo ya wiki yakitangazwa kwenye kundi la WhatsApp saa mbili usiku, majina ya wa mwisho yakiwa yamewekewa rangi. Aliyemsimamia alikuwa na malengo yake mwenyewe na hakuwa na muda wa kumfundisha mtu. Mwaka ulipoisha mkataba nao ukaisha. Alijifunza kuongea na mgeni bila aibu, na hilo si dogo, lakini lingeweza kujifunzwa kwa kuuza maji baridi Ubungo bila kufungwa na karatasi yoyote.

Kazi zote mbili ziliitwa jina moja kwenye barua. Kwa hiyo ushauri wangu kwa binti yetu ulikuwa asahau neno mafunzo na aulize majina. Nani atakayesoma kazi yangu na kuirudisha ikiwa imesahihishwa? Mwaka jana mlichukua wangapi na wangapi bado wapo? Waliobaki wako idara gani? HR mwenye mpango wa kweli hujibu maswali hayo hata kabla hujamaliza kuuliza, maana anajivunia. Asiye nao hukwambia "utaelekezwa ukiripoti". Njia nyingine, iliyo bora zaidi, ni kumtafuta aliyemaliza mpango huo na kumnunulia chai. Wahitimu wa vyuo vyetu wana makundi ya kila darasa kwenye simu zao, lakini hutumika zaidi kwa michango ya misiba kuliko kuulizana mambo kama haya.

Kuna taaluma ambazo zimelitatua jambo hili zamani kwa kulitoa mikononi mwa mwajiri. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa mafunzo kwa vitendo kwa wahandisi wahitimu tangu 2003, miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, na kijana anajaza daftari la kazi alizofanya. Wahasibu wana bodi yao, NBAA, na mitihani yake, ambapo cheti ni chako hata ofisi ikifungwa kesho. Mhasibu mdogo kwenye ofisi ya ukaguzi anaweza kulipwa kidogo na kulala saa tisa usiku msimu wa kufunga hesabu, lakini anaondoka na herufi tatu baada ya jina lake. Ukipewa ajira ya mafunzo, uliza unaondoka na nini kinachosomeka nje ya geti la kampuni. Uzoefu ni jibu, ndiyo, ila uzoefu wa nini hasa?

Kwa benki swali hilo lina makali yake ya sasa. Kaunta iliyokuwa shule ya mabenki kwa vizazi viwili inapungua umuhimu. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini 2008, na mawakala wa benki wakafuata, anayeweka na kutoa fedha hahitaji tena kuona keshia nyuma ya kioo. Mwaka mzima dirishani leo ni mwaka wa kujifunza kazi inayohama. Mikopo, vihatarishi, fedha za kilimo, mifumo ya kompyuta: huko ndiko bado mtu anahitajika kufikiri. Nilimwambia binti aombe kuandikiwa, kwenye barua, atapita idara zipi na kwa miezi mingapi kila moja.

Sheria nayo ina la kusema, kwa kifupi. Kanuni za mwaka 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini haziruhusu kipindi cha majaribio kizidi miezi 12. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Mkataba wa muda maalumu ukiisha umeisha wenyewe, isipokuwa mwajiri alikupa sababu ya msingi ya kutarajia kuendelea, na sababu hiyo ni heri iwe kwenye maandishi, maana "tutakuchukua, usijali" ya kwenye lifti haina shahidi. Likizo ya mwaka ni siku 28, saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, na kuacha kazi ya mshahara wa mwezi kunataka taarifa isiyopungua siku 28 baada ya mwezi wa kwanza. Barua ikikupa haki pungufu ya hizo, iliyokosea ni barua.

Kitalu cha Njombe

Ningekuwa nimedanganya kama ningeandika kana kwamba upande wa pili wa mizani ulikuwa kukaa nyumbani tu. Binti alikuwa na kitu. Yeye na kaka yake, tangu akiwa mwaka wa pili, wana kitalu cha miche ya parachichi nyuma ya nyumba ya baba yao, chini ya neti nyeusi.

Nilikwenda kukiona. Mbegu za parachichi la kienyeji zinaoteshwa kwenye viriba vya nailoni, udongo wa msituni ukichanganywa na samadi iliyooza. Mche ukifikia unene wa penseli, kaka mtu anaukata kichwa, anaupasua katikati kwa wembe, anachonga kikonyo cha parachichi aina ya Hass kama kabari, anakiingiza, anazungushia utepe wa plastiki na kukifunika kwa kimfuko cha barafu za kuuza mitaani. Kubebesha mche mmoja kunachukua muda wa kuhesabu mpaka sitini, kwa mtu aliyezoea. Kikonyo kikikataa, kinakauka kikiwa kimesimama na huwezi kujua kwa wiki kadhaa. Wanunuzi wanakuja mvua za Novemba na Desemba zikianza, wanalipa taslimu, wanabeba. Tangu China ilipokubali kufungua soko kwa parachichi la Tanzania mwishoni mwa 2022, kila mwenye shamba Njombe anataka Hass, na kila mwenye uwanja anataka kufungua kitalu. Kwa hiyo bei ya mche haina mwenyewe.

Biashara hii ni ya kweli, lakini fedha yake inakuja mara moja kwa mwaka, na kutoka Januari hadi Oktoba ni kununua viriba, kulipa vibarua wa kumwagilia na kuomba baridi ya Juni isipitilize. Wahubiri wa "jiajiri" hawafiki Njombe mwezi wa Juni. Nimewasikiliza wengi kwenye semina za hotelini, na mara zote najiuliza mwenye kipaza sauti analipwa na nani, kwa sababu mara nyingi ni mwajiriwa. Ukitaka kukopa, benki inadai dhamana ya kitu ambacho baba yako ndiye mwenye hati. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri inataka kikundi, na yenyewe iliwahi kusimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu upangwe upya. Anayemwambia kijana akatae mshahara ili akafukuzie mtaji wa aina hiyo hana budi kumwonyesha mlango wa pili.

Kaka yake binti, ambaye hana shahada wala barua, ndiye aliyenipa hoja iliyonigusa zaidi. Alikuwa ameinama juu ya viriba na hakuacha kazi wakati akiongea. "Shangazi, mimi simhitaji hapa kumwagilia. Kumwagilia nina mtu. Ninachoshindwa ni kwenda benki nikaeleweka. Akijua wao wanaangalia nini wakitunyima, arudi aniambie." Nilimuuliza kama hamwonei wivu dada yake. Akacheka. "Wivu ninao. Lakini miche hailipi kila mwezi."

Maneno yake yaliigeuza ile ofa mbele ya macho yangu. Kwa mtu mwenye kitalu, miezi minne kwenye dawati la mikopo ya kilimo ina thamani ambayo haionekani kwenye hati ya mshahara. Mwaka mmoja wa mwamvuli na tableti hauna. Na miezi 24 ya kufungwa baada yake inaweza kumzuia kurudi wakati hasa ambapo miche ya kwanza waliyopanda shambani kwao wenyewe itaanza kuzaa, maana Hass iliyobebeshwa huanza kutoa matunda ya maana ikifika miaka mitatu hivi. Kumbe ibara isiyosomwa ndiyo iliyobeba uamuzi.

Jumatatu aliandika barua pepe kwa HR. Nilimsaidia kuipunguza, kwa sababu ya kwanza ilikuwa na shukrani nne kabla ya swali. Aliuliza mambo mawili: atapita idara zipi kwa muda gani, na gharama za mafunzo zinazotajwa ibara ya tisa ni shilingi ngapi, na kama deni hupungua kwa kila mwezi anaotumikia. Baba yake aliposikia aliona amekwisha. "Wana watu mia kwenye foleni, wewe unawauliza maswali?" Usiku ule simu za familia hazikulala. Bibi yake peke yake alisema kwamba mtu anayekasirishwa na swali hafai hata kumchumbia mjukuu wake.

HR walipiga simu Jumatano. Dada aliyepiga hakuonekana kukasirika, alisema tu kwamba swali la ibara ya tisa huulizwa na watu wakiwa tayari wameshapata kazi kwingine, si kabla ya kusaini. Idara: huduma kwa wateja miezi mitatu, matawi mitatu, mikopo ya wajasiriamali na kilimo minne, makao makuu miwili. Kiasi cha gharama kipo kwenye sera ya ndani, watakituma kama kiambatisho. Kupungua kwa deni kila mwezi ndiyo utaratibu, "ila haujaandikwa kwenye barua".

"Naomba uandikwe," binti akasema. Nilikuwa nimekaa pembeni yake na nilisikia sauti ikimtetemeka.

Kiambatisho kilifika Alhamisi mchana, ukurasa mmoja. Kiasi kimetajwa, deni linagawanywa kwa 24, kila mwezi unaotumikiwa unafuta sehemu yake. Kilichokuwa hakina mwisho sasa ni tarakimu ambayo yeye na kaka yake wanaweza kuilipa kwa msimu mmoja mzuri wa miche, wakilazimika. Alisaini Ijumaa asubuhi. Yeye na kaka yake wamekubaliana atatuma fungu la mshahara wake kila mwezi kumlipa mtu wa kumwagilia, na kwamba hisa yake ya kitalu inabaki nusu. Hayo nayo wameyaandika, kwenye daftari la viriba, na baba yao akaweka sahihi kama shahidi huku akilalamika kwamba siku hizi watoto wa tumbo moja wanaandikiana mikataba.